Mpeni Muda wa Jaribio la Pili

Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa sekondari waliokutana kuzungumzia masomo ya ufundi na teknolojia kwa vitendo. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Walimu wenzangu, wakuu wa shule, wazazi, na ninyi wanafunzi mliokaa nyuma kabisa kana kwamba mkutano huu ni wa wakubwa peke yao, hamjambo?

Nimekuja na sanduku. Hili hapa. Walio mbele wanaona kwamba pembe moja imevunjika, na walio nyuma waniamini tu. Ni la plaiwudi nyembamba, na lilitengenezwa na mwanafunzi wangu mmoja. Alilichora kwenye kompyuta, akazikata mbao kwa mashine ya leza, kisha akaketi kuziunganisha. Meno ya ubao mmoja yalitakiwa kuingia katika nafasi za ubao wa pili, kama vidole vya mikono miwili vinavyoshikana. Hayakuingia. Akasukuma, akagonga kwa kiganja, akaazima nyundo. Jino moja likakatika. Akanitazama, akaniuliza: "Mwalimu, nimefeli?"

Kabla sijamjibu, kengele ikalia. Wiki iliyofuata ratiba ilitaka tuanze mada nyingine, nami nikaifuata ratiba. Sanduku likapanda kwenye rafu, likala vumbi. Yule binti alipata alama zake, kwa sababu mchoro wake ulikuwa mzuri, lakini swali lake halikupata jibu. Kosa lile lilikuwa langu, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Ndugu zangu, sikuja kuomba mashine. Sikuja kuomba jengo jipya. Nimekuja kuomba muda. Naomba muda wa jaribio la pili.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Tunaipenda methali hii, tunaiandika hata kwenye kuta za madarasa. Lakini muulizeni fundi aliyeunda chombo. Atawaambia kwamba mara ya kwanza kiliposhushwa majini kilivuja. Kilivuja, kikapandishwa, kikatiwa kalafati upya, kikashushwa tena. Sisi tuliosimama ufukweni tunaona kuelea tu. Na shule zetu, nasema kwa uchungu, zimejengwa kwa jicho la mtu aliyesimama ufukweni.

Niseme kwanza na wazazi.

Kuna fikra imetukaa kichwani kwa muda mrefu: mwenye akili abaki darasani, aliyeshindwa vitabu apelekwe karakana. Mtoto akirudi nyumbani na gundi vidoleni, anaulizwa kama shule amepelekwa kucheza. Nani alitufundisha kuupima ubongo kwa usafi wa mikono?

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1866 nchi ya Finland ilifanya kazi za mikono kuwa somo la lazima kwa wavulana katika shule za vijijini, na kwa wanaume waliosomea ualimu. Aliyelisukuma jambo hilo alikuwa mchungaji na mwalimu, Uno Cygnaeus. Je, alitaka kila mtoto awe seremala? Hapana. Alitaka jicho lijifunze kuona, mkono ujifunze kutii, na mtoto ajue thamani ya kazi. Jirani yao Sweden, Otto Salomon akafungua mafunzo ya walimu mahali paitwapo Nääs, na walimu wa nchi nyingi wakasafiri kwenda kujifunza pale. Mwanafunzi alianza na kisu na kipande kidogo cha mti, akapanda hatua kwa hatua mpaka kwenye vitu vigumu.

Moscow, wakati huohuo, kulikuwa na njia nyingine. Viktor Della-Vos, mkuu wa shule ya ufundi ya pale, aliupanga ufundi mwaka 1868 kama tunavyopanga hesabu: zana hii, zoezi hili, kutoka jepesi kwenda gumu. Kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, Marekani, mwaka 1876. John Runkle, aliyekuwa mkuu wa MIT, chuo cha teknolojia cha hukohuko Marekani, alizitazama akaona ndizo alizokuwa akizitafuta. Mwaka 1880 mwalimu Mmarekani, Calvin Woodward, akafungua katika mji wa St. Louis shule ya sekondari ambamo kijana alishika randa na tupa siku ileile aliyosoma hesabu, sayansi, lugha na uchoraji. Siku ileile! Hakuna aliyeambiwa achague kati ya mkono na kichwa.

Njia ya Moscow na ya Nääs hazikuwa sawa, na ugomvi wao bado unaendelea katika karakana zetu. Ya Moscow iliona mwanafunzi afanye kwanza mazoezi ya kukata na kuunganisha, hata kama hatoki na kitu chochote cha kutumia. Ya Nääs iliona mtoto atengeneze kitu kamili, chenye kazi, akipeleke nyumbani. Mimi nasimama na Nääs. Mtoto anayetengeneza kitu kwa ajili ya mtu anayemjua huwa makini kwa namna ambayo zoezi tupu haliwezi kumpa. Ila hakuna atakayegusa zana ya umeme katika karakana yangu kabla hajaifanyia zoezi mbele yangu, na katika hilo moja nakubaliana na Della-Vos moja kwa moja.

Tulipoteaje njia basi? Sababu ni nyingi, nami nitataja moja. Mwaka 1917 Marekani ilipitisha sheria ya Smith-Hughes, iliyotoa fedha za serikali kuu kwa mafunzo ya kilimo, ufundi wa viwandani na maarifa ya nyumbani. Fedha zilihitajika na nia ilikuwa njema. Lakini fedha zilipotengwa, wanafunzi nao wakatengwa: hawa wa vitabu, hawa wa kazi. Ukishachimba mfereji wa namna hiyo, vizazi vinavyofuata huona ni mto ulioumbwa na Mungu. Wazazi wangu, si mto. Ni mfereji, na uliochimbwa na watu unaweza kufukiwa na watu.

Sasa niseme na walimu wa fizikia na hesabu, kwa sababu nina hadithi yenu.

Wanafunzi watatu walikuwa wanatengeneza kifaa cha kupima kina cha maji ndani ya tangi bila kulifungua. Walitumia kihisi kinachotoa mlio ambao sikio la mtu haliusikii, mawimbi 40,000 kwa sekunde. Mlio unagonga uso wa maji, unarudi, kifaa kinapima muda uliopita. Kabla ya kwenda kwenye tangi, niliwaambia wakijaribu ukutani. Wakapima mita moja kamili kwa utepe, wakaweka alama sakafuni, wakawasha. Kifaa kikasema mita mbili.

Mmoja akasema kihisi ni kibovu. Wakabadilisha kihisi: mita mbili. Wakabadilisha waya, wakabadilisha betri. Mita mbili. Wakapima tena ule utepe, maana sasa hata utepe walikuwa wameutilia shaka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mikono nyuma. Walimu, mnajua jinsi ilivyo vigumu kuweka mikono nyuma! Jibu lilikuwa linaniwasha ulimini. Kisha binti mmoja akaondoka mezani, akatembea hadi ukutani, akaugusa, akageuka, akarudi. Akasimama. Akasema polepole: "Inaenda, na inarudi."

Wakagawa kwa mbili.

Nisikilizeni vizuri sasa. Wanafunzi wale watatu walikuwa wamesoma mwangwi. Walikuwa wamejibu swali la mwangwi kwenye mtihani, na wote watatu walilipata. Walijua kugawa kwa mbili kwenye karatasi. Hawakujua kwamba wanajua! Elimu ile ilikuwa imelala ndani yao, na kitu kilichoiamsha ni ukuta uliokataa kusogea.

Wala hadithi haijaisha. Baada ya kugawa, kifaa kilisema sentimita 98. Sehemu nyingine wangeambiwa inatosha, mmepita, kaeni chini. Lakini siku ile tulikuwa na vipindi viwili mfululizo, na zilibaki dakika ishirini. Wakauliza: sentimita mbili zimekwenda wapi? Katika programu walikuwa wameandika kwamba sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Nikawauliza: namba hiyo ni ya hewa ya joto gani? Wakatafuta, wakakuta ni ya nyuzi 20 za Selsiasi. Chumba chetu mchana ule kilikuwa na nyuzi 30 hivi, na kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, sauti huongeza mwendo kama mita 0.6 kwa sekunde. Wakapiga hesabu, wakapata mita 349 kwa sekunde, wakaibadilisha namba, wakapima tena. Mita moja.

Nani kati yenu ana kitabu kinachoweza kumfanya mtoto wa miaka kumi na sita aulize kuhusu joto la hewa bila kulazimishwa? Na nani kati yenu ana ratiba inayompa dakika ishirini za kuuliza? Dakika ishirini, ndugu zangu. Sentimita mbili zile zilikaa ndani ya dakika ishirini.

Seymour Papert, mtu wa hesabu aliyezaliwa Pretoria, alikuwa mmoja wa walioanzisha Logo mwaka 1967, lugha ya kompyuta ya watoto. Mtoto aliandika amri, na roboti iliyoitwa kobe ikatembea sakafuni ikichora mstari. Papert aliona kwamba mtoto anayeandika programu hajiulizi sana kama amepata au amekosa. Anajiuliza kama kilichoharibika kinarekebishika. Tazameni umbali uliopo kati ya maswali hayo mawili! La kwanza linamfunga mtoto mdomo. La pili linampeleka mezani kutafuta bisibisi. Binti wa sanduku aliponiuliza "nimefeli?", aliuliza la kwanza kwa sababu ndilo tulilomfundisha kwa miaka yote aliyokaa mbele yetu.

Na sisi walimu wenyewe je? Tumeshika nini kwa mikono yetu? Mwenzangu mmoja alifundisha sheria ya Ohm, ile ya volti, mkondo na ukinzani wa umeme, ubaoni miaka mingi, na kwa ufasaha mkubwa. Siku tuliyoketi pamoja kujiandaa, aliunganisha taa ndogo nyekundu ya LED moja kwa moja kwenye volti 5, bila rezista, kile kifaa kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme. Taa ikamulika kwa nguvu, ikafa. Alikaa kimya akiitazama, kisha akachukua kalamu. Taa yenyewe inataka kama volti 2, akaandika. Zinabaki 3. Nikiweka rezista ya omu 220, mkondo unakuwa miliampia 14 hivi, na taa inaishi. Akaiunganisha, ikawaka. Akaniambia kwamba leo ndiyo mara ya kwanza ameona ile sheria inamlinda mtu. Tangu siku hiyo alifundisha kwa sauti nyingine. Kwa hiyo, wakuu wa shule, msimpeleke mwalimu karakana na mwongozo mkononi peke yake. Mpeni siku chache atengeneze kwanza kile ambacho wanafunzi wake watatengeneza, kiungue mikononi mwake, akirudie. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, na methali hiyo inatuhusu walimu kabla ya watoto.

Najua wengine mnangoja nizungumzie mashine. Haya.

Neil Gershenfeld wa MIT alianza mwaka 1998 kufundisha somo la jinsi ya kutengeneza karibu kitu chochote. Alilitayarishia watafiti wachache, na wakamiminika wengi, pamoja na wasanii na wasanifu majengo ambao hawakuwa wahandisi. Kutokana na wazo hilo karakana za kidijitali, zenye mashine zinazoongozwa na kompyuta, zikaenea duniani. Mwaka 2005 kikundi cha Ivrea, Italia, kikatoa Arduino, kibao kidogo ambacho asiye mhandisi anaweza kukiamuru kiwashe taa au kizungushe mota. Mwaka 2012 ikaja Raspberry Pi, kompyuta nzima kwenye kibao kinachotosha kiganjani. Mwaka 2016 watoto wa Uingereza wa umri wa miaka 11 na 12 wakagawiwa bure micro:bit, kibao kingine kidogo cha kuprogramu, karibu milioni moja. Nayasema haya kwa furaha, kwa sababu vitu vilivyokuwa vya maabara za wakubwa sasa vinakaa katika mfuko wa sare ya shule.

Lakini nimeona kabati. Nilitembelea shule moja ambako vibao hivyo vilikuwa vimepangwa vizuri sana ndani ya kabati la kioo, vikiwa bado katika mifuko yake. Nikauliza: wanafunzi wanavitumia lini? Nikaambiwa ufunguo unatunzwa ofisini ili visiharibike. Vimelindwa dhidi ya nani? Dhidi ya walewale ambao vilinunuliwa kwa ajili yao! Kibao kilichoungua mkononi mwa mwanafunzi kimefanya kazi yake. Kibao kizima kabatini hakijafanya lolote.

Kuna na hatari ya upande wa pili, nayo inavutia zaidi. Paulo Blikstein, mtafiti wa elimu aliyepeleka karakana za kidijitali mashuleni, ameeleza jinsi wanafunzi walivyogundua kwamba mashine ya leza inaweza kukata vishikio vya funguo vyenye majina yao. Vinapendeza, vinatoka haraka, kila mtu anavisifu. Wakavitoa, wakavitoa, wakavitoa. Karakana ikageuka kiwanda cha vishikio vya funguo. Aliupa mtego huo jina la hicho kishikio cha funguo, na mimi nimeuona kwa macho yangu, wala siwalaumu watoto. Mashine ikitoa kitu kizuri kwa juhudi ndogo, na sisi wakubwa tukakipigia makofi, kwa nini mtoto ajitese na kitu kigumu kitakachotoka kimepinda?

Kwa hiyo mkiniuliza tuanze kununua nini, nitawajibu bila kusita: meza imara zenye jiliwa la kubana kazi, mwanga wa kutosha, miwani ya kinga kwa kila kichwa, misumeno, tupa, koleo, bisibisi, kalipa za kupimia unene, multimita za kupimia umeme, chuma cha kulehemu nyaya. Baadaye kidogo vibao vya kuprogramu. Printa ya 3D na leza zije wakati wanafunzi wameshaanza kulalamika kwamba mikono yao imefika mwisho wake. Wakilalamika, wanunulieni. Wasipolalamika, ngojeni.

Usalama nitausema kwa ufupi, si kwa kuwa ni mdogo, bali kwa kuwa mnajua mengi. Miwani kabla ya chochote. Nywele ndefu zifungwe. Glavu zivuliwe mbele ya drili na kila mashine inayozunguka, na hapa wengi hukosea wakidhani glavu inalinda: ikinaswa, huvuta mkono mzima. Plastiki ya PVC isiingie kamwe kwenye leza, kwa sababu inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo inachoma mapafu na kuila mashine. Leza ikiwa inakata, asimame mtu pale mpaka imalize. Baada ya kulehemu, mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula. Mwanafunzi aliyefundishwa sababu hukumbuka. Aliyeonyeshwa tangazo tu husahau tangazo likichanika.

Nije kwenye jambo linaloniuma.

Muhula mmoja niliamua kutazama kitu kimoja tu: bisibisi iko mkononi mwa nani? Kila nilipopita kwenye meza niliandika. Kundi moja lilikuwa na wavulana watatu na msichana mmoja mkimya, mwenye mwandiko mzuri. Wiki ya kwanza msichana aliandika ripoti. Wiki ya pili aliandika ripoti. Wiki ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Hakuna aliyemkataza kushika zana. Hakuna aliyemtukana. Kila mmoja alikuwa mpole, wenzake walimsifu kwa mwandiko, hata mimi nilimsifu! Na kwa sifa hizo tulimweka mbali na kazi wiki sita nzima.

Tangu hapo, katika karakana yangu kazi huzunguka. Anayepima leo atakata kesho, anayekata ataandika, anayeandika atalehemu. Hakuna kuombana, hakuna kujitolea, ni zamu. Yule msichana alipopewa chuma cha kulehemu mara ya kwanza, mkono ulitetemeka, na kiungo cha kwanza kikatoka kama tone la matope. Tukakiyeyusha, tukakifyonza, akarudia. Cha tatu kiling'aa. Mnasema wasichana hawapendi ufundi? Walimu, hebu kahesabuni bisibisi kwanza, kisha mje mniambie.

Na alama je? Maana najua mkuu wa shule hapa mbele anajiuliza: nitaipimaje kazi hii? Swali la haki. Kama utatoa alama kwa kitu kinachong'aa mwishoni, utapata vishikio vya funguo, au utapata kazi ya mjomba fundi iliyoletwa asubuhi ya maonyesho. Mimi natoa alama kwa daftari. Kila mwanafunzi ana daftari la karakana, na ndani yake nataka kuona mchoro wa kwanza, kipimo, kilichotokea, kilichovunjika, alichodhani ndicho chanzo, alichobadilisha, na kilichotokea tena. Mwanafunzi asiyekuwa na ukurasa wa kilichovunjika, namrudishia. Mwanzoni walificha makosa yao. Siku hizi wananikimbilia mlangoni: "Mwalimu, njoo uone kilivyopasuka!" Na daftari haliwezi kuandikwa na mjomba, kwa sababu nikimwuliza mwenye daftari kwa nini alibadilisha mota, ataniambia au atanyamaza.

Mtasema muda haupo. Mitihani ipo, mada ni nyingi. Naijua hoja hiyo, nimeitumia mwenyewe, na sanduku hili ni shahidi. Basi ninachoomba ni hiki, tena kidogo sana. Kwa wiki, vipindi viwili vilivyoungana, visivyokatwa na kengele. Kwa muhula, kazi chache: mbili zinatosha, hata moja. Na katika kila kazi, nusu ya muda iwe ya kutengeneza, na nusu nyingine iwe ya kutengeneza tena. Punguzeni mada, msipunguze marudio. Mkilazimika kufuta kitu, futeni kazi ya tatu. Msiguse jaribio la pili.

Nilisahau, sijawaambia sanduku liliishia wapi.

Miezi mingi baadaye tulipopata vipindi viwili vya pamoja, nilimwita yule binti. Nikalipangusa vumbi, nikalirudisha mikononi mwake, nikamwomba radhi. Nikamwambia: uliniuliza swali, sikukujibu. Tuanze pale tulipoachia. Akachukua kalipa, akapima ubao. Kwenye mchoro alikuwa ameandika milimita 3, kwa sababu ndivyo ubao ulivyoandikwa ulipouzwa. Kalipa ikasema 3.2. Akapima sehemu ya pili: 3.2. Akaniambia, "Kumbe ubao ndio ulinidanganya." Kisha akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Hakukata sanduku jipya moja kwa moja. Alikata kijiti kimoja chenye nafasi tano, ya kwanza ya milimita 2.9, ya pili 3.0, ya tatu 3.1, ya nne 3.2, ya tano 3.3, kwa sababu leza nayo hula ubao kidogo inapopita na hakujua inakula kiasi gani. Akaingiza ubao katika kila nafasi. Nafasi ya 3.0 ilibana, iliyofuata ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, ikakaa, haikutikisika. Aliandika namba hiyo kwenye daftari akaizungushia duara mara mbili.

Kijiti kile ninacho mpaka leo, na wanafunzi waliokuja baada yake huanza nacho. Sanduku la pili alilichukua yeye nyumbani. Hili la kwanza aliniachia mimi.

Sasa inukeni. Karakana iko mlango wa pili, na iko wazi. Kuna meza sita, na kila meza ina kitu ambacho wanafunzi wangu walishindwa nacho wiki hii na daftari lake pembeni. Wanafunzi wenyewe watawaeleza walikwama wapi. Wazazi, msisimame ukutani kutazama, kaeni, shikeni zana. Miwani iko kwenye kikapu hapo mlangoni. Vaeni kwanza.